Damu ya Shamsa

Siku Shamsa alipotoka wodini kurudi kwao Bukoba, maabara ilinuka udi.

Alistidia alisimama mlangoni, ufunguo mkononi, akavuta pumzi, akavuta tena. Chumba kile alikijua kwa pua: spiriti, lizoli ya kuulia vijidudu, rangi ya kupakia damu na, siku za jua, kahawa iliyoanikwa ng'ambo ya barabara. Udi haukuwa na kazi humo.

"Umejipaka marashi, Mutembei?" alimwuliza mwenzake aliyekuwa akiosha slaidi kwenye karai.

Mutembei akacheka. "Marashi, dada? Sabuni yenyewe tunaipangia foleni duka la ushirika. Mimi sisikii harufu yoyote."

Alistidia akafungua madirisha yote mawili, akakaa kwenye hadubini yake, akageuza kioo cha chini kikamate jua. Kazi ikaanza. Lakini vinyweleo vya shingoni vilikuwa vimemsimama, na hakujua kwa nini.

Shamsa alikuwa mke wa Yunus, dereva wa lori la kahawa, wote wawili Waswahili wa mjini ambao babu zao walikuja kutoka pwani. Yunus ndiye aliyemleta kwenye hospitali ile ndogo ya misheni, kilimani upande wa Muleba, amembeba mikononi kama mtoto. Ukimfunua kope, ndani kulikuwa kweupe. Moyo ulimdunda mpaka kanga ikacheza kifuani. Kwao walikwisha kuamua kwamba ana jini, tangu utotoni, na jini hilo linamnywa damu. Walimfukiza, wakamsomea, wakamchinjia mbuzi, na bado alizidi kunyauka.

Alistidia hakuwa na subira na maneno hayo. Alizaliwa kwenye vibanja vya migomba vya Rubya, akasomeshwa na masista, akafunzwa kazi ya maabara Mwanza, na alichokiamini ni kile alichokiona. Alimpima Shamsa wingi wa damu, akashangaa mtu mwenye damu kidogo namna ile anasimamaje. Akapima choo chake. Mayai ya minyoo ya safura yalijaa kila mahali alipotazama. Akawaita mume na mke wachungulie.

"Jini lenu ndilo hilo," aliwaambia. "Lina mdomo, linang'ata utumbo, linanyonya damu. Lingine hakuna."

Yunus alicheka kama aliyetuliwa mzigo. Shamsa hakucheka.

"Usiseme hivyo, dada," alinong'ona. "Anasikia."

Akapewa dawa ya minyoo, vidonge vya kuongeza damu na chupa moja ya damu ya ndugu yake. Akapona. Mashavu yakarudi, akaondoka kwa miguu yake mwenyewe, akiaga wodi nzima. Daktari Rugemalira akamwambia arudi baadaye apimwe tena.

Tangu hapo udi ulikuja kila Mutembei alipotoka chumbani. Ulikuja taratibu, kama mtu anayeingia huku akishika pindo la nguo lisiburute. Mara mpini wa mashine ya kuzungushia mkojo ulizunguka wenyewe, kwa uvivu, na kusimama Alistidia alipogeuka. Mara alikuta mvuke wa pumzi kwenye jicho la hadubini, pale ambapo uso wake ulikuwa haujafika. Alisali Salamu Maria kimoyomoyo, akafuta kile kioo kwa pamba, akaendelea. Hakumwambia mtu. Angesema nini?

Kisha akaletwa mvuvi kutoka kisiwa cha Goziba, homa inamchemsha, anaweweseka. Alistidia alipaka damu yake rangi, akatazama. Vijidudu vya malaria aliviona wazi, vile vipete vidogo vyenye nukta nyekundu. Ndipo karibu kabisa na sikio lake la kushoto, kwa sauti ya upole ya kumbembeleza mtoto alale, mtu akasema:

"Safi."

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Aliporudisha jicho, vipete havikuwepo. Akasogeza slaidi huku, akaisogeza kule, akaongeza mafuta, akatazama mpaka jicho likatoa machozi, na damu ya yule mvuvi ilikuwa safi kama ya mtu aliyetoka kuoga ziwani. Akaandika hivyo. Daktari akamtibu homa ya matumbo. Mvuvi hakuiona Jumapili.

Mutembei ndiye aliyeitazama tena ile slaidi kabla ya kuiosha.

"Dada," aliita, sauti imeshuka. "Huyu alijaa malaria. Tazama hapa."

Alistidia akainama, akatazama. "Mimi sioni kitu, Mutembei."

"Hapa katikati. Wanajazana."

"Nimekuambia sioni kitu."

Wakatazamana, na Mutembei ndiye aliyekwepesha macho kwanza. Jioni ile Alistidia alikwenda mwenyewe kwa daktari, akamweleza kwamba macho yake yamekataa. Hakusema habari ya sauti. Rugemalira hakumkaripia. Alisema amechoka, tena kwa haki, na kwamba tangu kesho damu zote zitasomwa na Mutembei. Alistidia alilia njia nzima kwenda nyumbani, kwa ajili ya mvuvi ambaye hata ndugu zake walikuwa hawajafika kumchukua.

Siku moja baadaye Mutembei alikuwa ametumwa Bukoba kufuata dawa, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Verdiana, mfuaji wa mashuka ya wodi, alikuja mbio amempakata bintiye Klaudia, mtoto ambaye kutwa alizoea kucheza chini ya kamba za nguo. Sasa alikuwa amekakamaa, macho yamepinduka.

"Mawe, mama yangu! Alistidia, waitu, ndugu yangu, niangalizie mwanangu!"

Daktari alikuja nyuma yake. "Ni malaria imepanda kichwani au ni homa ya uti wa mgongo," alisema haraka. "Kwinini ya sindano imebaki kidogo, na nimemwekea mjamzito mmoja wodini mwenye malaria. Nikimpa huyu, nampunguzia yule. Siwezi kubahatisha. Nisomee damu yake."

"Daktari, unajua macho yangu..."

"Mutembei hayupo. Upo wewe." Alistidia akamtoboa mtoto kidole, akapata tone la damu, na daktari akampokea mtoto, akarudi naye wodini, Verdiana akimfuata huku akijishika kichwa.

Alistidia alimaliza kupaka rangi, akasogeza hadubini mpaka ubavuni mwa dirisha ipate mwanga wowote uliokuwepo, na kabla hata hajainama udi ukajaa chumba kizima, mzito, wa kukwaruza koo, na nyuma yake sakafu ya saruji ikatoa sauti ya unyayo mtupu, mmoja, kisha mwingine, bila haraka, mpaka akahisi ubaridi wa kifua cha mtu mgongoni pake, na alipotia jicho akaviona vipete, vingi, vingi mno, damu ya mtoto imejaa, na palepale akitazama vikaanza kuzimika kimoja kimoja kama taa za nyumba za kijijini watu wanapolala, huku ile sauti ikihesabu kila kilichozimika kwa neno lilelile, safi, safi, safi, mpaka pakabaki peupe.

Aliviona. Angeweza kukimbia akaseme aliviona. Lakini je, kama hivyo vipete navyo ni mchezo wake? Kama mtoto ana uti wa mgongo, na kwinini ya mjamzito ikaishia pasipo faida? Hakujua tena lipi ni lake na lipi ni la yule aliyesimama nyuma yake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Shamsa, kanga imelowa. Lori la Yunus lilikuwa limefika kutoka Bukoba, na amekuja kupimwa kama alivyoagizwa. Alipiga hatua moja ndani, akasimama. Uso wake ulionyesha kwamba ameitambua ile harufu kabla ya kuinusa.

"Kumbe upo huku," alisema. Hakuwa akimwambia Alistidia.

"Mwondoe," Alistidia alinong'ona bila kugeuka. "Shamsa, dada yangu, kuna mtoto anakufa. Ananifumba macho."

"Tangu nikiwa msichana mdogo nalala naye. Ulipomfukuza nilifurahi, Mungu anisamehe, sikuuliza atakwenda wapi." Shamsa alikuwa akilia. "Ulimwambia hayupo. Hilo hawezi kulimeza. Mwambie yupo."

"Minyoo niliiona kwa macho yangu!"

"Ilikuwepo. Na yeye alikuwepo. Sema."

Yote aliyofundishwa na masista, yote aliyofundishwa Mwanza, yalimkataza. Wodini Verdiana akapiga yowe.

"Upo," Alistidia alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Upo. Nilikukana, na upo."

Hata mvua kama ilisita. Ubaridi mgongoni haukuondoka. Ulikuwa ukisubiri kitu kingine. Ndipo Shamsa alipojifunga kanga vizuri kiunoni, kama mtu anayejiandaa kubeba ndoo nzito, akanyoosha mkono.

"Haya. Twende nyumbani."

Kitu kilimpita Alistidia ubavuni, laini kama kitambaa. Shamsa akayumba, akashika ukingo wa meza, na kucha zake zikapauka mbele ya macho ya Alistidia, rangi ya waridi ikatoka, weupe ukaingia. Lakini hapakuwa na nafasi ya kumshika. Aliinama kwenye hadubini. Vipete vilikuwa vimerudi, vyote, vimejazana. Akakimbia kwenye mvua akipiga kelele, "Malaria! Daktari, ni malaria! Mpe!"

Klaudia alipona. Mjamzito naye aliwahiwa, kwani Mutembei alirudi na kwinini mpya. Macho ya Alistidia hayakumdanganya tena, na maabara ikabaki na harufu zake za siku zote.

Shamsa ndiye aliyerudi baadaye akiwa amebebwa. Alistidia alimpima kila alichojua kupima. Minyoo hakuna, malaria hakuna, mkojo hauna kitu, seli zina umbo zuri, ila ni chache na zinazidi kupungua. Mutembei akapitia kila slaidi, akapata vilevile.

"Inakwenda wapi hii damu?" daktari aliuliza, amechoka. "Ndugu yake amekwisha kutoa. Nani mwingine wa kundi lake?"

Alistidia alikuwa amekwisha kujipima. Alikunja mkono wa gauni, akalala kwenye kitanda cha pili, akaitazama damu yake ikijaza chupa, kisha akakaa kando ya Shamsa ikimwingia tone kwa tone. Midomo ya mgonjwa ikapata rangi. Akafumbua macho, akaiona chupa, akaiona pamba mkononi mwa Alistidia, akaelewa, na hofu ikamjaa usoni.

"Umefanya nini, dada?" alinong'ona. "Alikuwa anakujua kwa sauti tu. Sasa anakujua kwa ladha. Ananiuliza unakaa wapi."

Alistidia alimshika mkono, ukiwa na joto sasa. Alitaka kuuachia, na hakuuachia.

Mwezi uliofuata, Yunus aliposhuka kwenye lori amembeba mkewe, alimkuta Alistidia amelala tayari kwenye kile kitanda, mkono wa gauni umekunjwa.