Jogoo wa Ng'ambo ya Mtaro

Kila asubuhi, kabla Kamanda hajamaliza kupiga mswaki, kuku wake walikuwa wameshatoka nje ya nchi.

Hawakwenda mbali. Katikati ya mtaa ulipita mtaro wa maji ya mvua, na mtaro huo ndio uliokuwa mpaka. Nyumba za upande huu zilikuwa za nchi hii. Nyumba za upande ule zilikuwa za nchi nyingine, yenye bendera yake, sarafu yake na redio yake. Watu walivuka kwenye kidaraja, wakimwonyesha askari kadi zao. Kuku walivuka kwa kuruka. Wa Kamanda walikwenda kuchakura uani kwa Bi Sindano, fundi cherehani wa ng'ambo, na wa Bi Sindano walikuja kuchakura kwa Kamanda. Jioni kila mmoja alirudi kulala kwao. Hawakuwahi kugombana, kwa sababu hakuna kuku aliyekuwa anasikiliza redio.

Kamanda alikuwa anasikiliza.

Kamanda lilikuwa jina la utani. Alilipata alipokuwa mlinzi wa ghala la nafaka, kazi iliyomwachia vitu viwili: firimbi na magoti mabovu. Siku hizi yeye na mkewe waliishi kwa kuku arobaini wa mayai. Mke, Mama Watoto, alijua kuku yupi anataga, yupi anaatamia na yupi anadanganya. Kamanda alijua zaidi kutoa amri.

Siku moja redio ikasema kwamba ng'ambo mambo yameharibika. Wakubwa wa kule walikuwa wanagombania kiti. Barabara zilifungwa, ofisi zikafungwa, kila mtu akawa anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Kamanda akajipiga paja kwa furaha.

"Waache wararuane," alimwambia mkewe. Akamweleza kwamba sasa mayai ya kule hayatakuja sokoni kwetu. Yatabaki yetu peke yake, nasi tutauza kwa bei tuitakayo.

Mama Watoto alikuwa anapanga mayai kwenye trei. Hakuinua kichwa.

"Na mwoka mikate wa ng'ambo, anayechukua mayai yetu yote, yeye ataacha lini kuraruana ili aje kuyachukua?"

Kamanda hakuwa amefika huko kwenye mawazo yake.

Mwoka mikate hakuja. Hakuwa na ugomvi na mtu, lakini unga haukumfikia, akafunga tanuri. Trei zikapanda ukutani sebuleni mpaka zikaziba saa. Familia ikala mayai ya kuchemsha, ya kukaanga na ya kuvurugwa, kisha ikaanza tena mwanzo. Mtoto wa mwisho akauliza kwa adabu amekosa nini. Halafu pumba nazo zikakatika, kwa kuwa mashine ya kusaga ilikuwa ng'ambo vilevile. Kuku wakala nusu shibe, wakataga kwa nusu hamu.

Kamanda alisema hayo ni mambo ya kupita. Kisha likaja lisilopita.

Kuku wa Bi Sindano walianza kusinzia mchana. Wakaharisha kijani. Wengine shingo ziliwapinda, wakawa wanatazama nyuma kama watu walioitwa na asiyeonekana. Bi Sindano alisimama ukingoni mwa mtaro, akamwambia Mama Watoto kwamba ni kideri, ule ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Alikwenda ofisi yao ya mifugo kutafuta chanjo kwa ajili ya kuku wazima, akakuta kufuli. Friji ya chanjo ilikuwa imezimika tangu vurugu zianze.

Mama Watoto alitaka kumsaidia. Kamanda akampita mbio, kwa kadiri magoti yalivyoruhusu, akatangaza kwamba mpaka umefungwa.

Aliufunga kweli. Alisimamisha uzio wa mabati chakavu na neti kuukuu. Kila kuku wake alimfunga uzi mwekundu mguuni, uwe kitambulisho cha uraia. Akavaa mabuti yake ya zamani, akakaa kwenye kiti na firimbi mdomoni. Kuku wa kigeni akitokeza kichwa, firimbi. Kuku wa nyumbani akisogelea uzio, firimbi. Watoto wakikohoa, firimbi.

Siku ya pili, kuku wake mweupe, mtagaji hodari kuliko wote, aliruka uzio kana kwamba haupo. Kamanda akaruka nyuma yake. Alitua na mguu mmoja nje ya nchi na mwingine ndani, magoti yakagoma, akakaa hivyo kwa muda, naye askari wa kidarajani akimtazama asijue amwombe kadi ya mguu upi. Mwishowe alijivuta, akamfukuza kuku uani kwa Bi Sindano, akazunguka banda mara kadhaa, akamkamata, akarudi naye kifua mbele. Akaingia moja kwa moja bandani kwake na mabuti yake, akamrudisha mkimbizi kwa wenzake.

Wiki haikuisha, vifaranga wanne wakafa. Kamanda akawatupa mtaroni kabla mkewe hajawaona. Lakini mkewe alikuwa ameshawahesabu.

"Baba Watoto," alisema, "kuku hawa wakiisha, unarudi kulinda ghala. Usiku, kwenye baridi. Na magoti hayo."

Kamanda hakupuliza chochote siku ile. Mama Watoto akampigia simu Bibi Mifugo.

Bibi Mifugo, mtaalamu wa mifugo wa eneo lile, alifika asubuhi kwa pikipiki, kasha la barafu limefungwa nyuma. Alikuwa binti mwenye maneno machache na macho mengi. Akatazama vifaranga waliobaki. Akatazama uzio. Akauliza kuku wakubwa walichanjwa lini. Kamanda akajibu kwa fahari kwamba walichanjwa mwaka jana. Bibi Mifugo akamwambia kwamba chanjo ya kideri hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na kwamba ya mwaka jana sasa ni kumbukumbu tu.

"Lakini ugonjwa umepitaje?" Kamanda aliuliza. "Mpaka niliufunga mwenyewe. Hakuna kuku wa kule aliyevuka."

Bibi Mifugo akatazama mabuti yake.

"Wewe hukuvuka, mzee?"

Akamweleza kwamba kideri hubebwa pia na kinyesi, na kinyesi hubebwa na viatu. Aliyetoka kwenye banda lenye ugonjwa akaingia kwenye lake bila kuosha viatu, ameshauleta. Mama Watoto akamtazama mumewe. Watoto wakamtazama baba yao. Mlinzi wa mpaka ndiye aliyekuwa mpitishaji wa magendo.

Binti akaendelea bila kumcheka, jambo ambalo lilimuuma Kamanda zaidi. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi, alisema, kwa sababu hii ni kinga, si dawa. Anayeumwa atengwe. Aliyekufa azikwe kwenye shimo refu au achomwe, asitupwe ovyo. Hapo Kamanda akavutiwa ghafla na mawingu.

Kisha akachukua chupa, akachanganya chanjo, wakaanza. Mama Watoto alishika kuku, Bibi Mifugo akadondosha tone moja jichoni, basi. Arobaini wakaisha upesi. Chupa ikabaki na zaidi ya nusu, maana chupa ndogo kabisa hutosha kuku mia.

Kamanda akasema inayobaki imwagwe, kama mwaka jana.

"Mwaka jana ulimwaga kinga ya mtaa mzima," alisema Bibi Mifugo. "Chanjo haishiki kwa kila kuku, mzee. Na vifaranga huzaliwa kila siku. Ugonjwa ukikaa ng'ambo, unakaa hatua chache kutoka kwako. Njia ya kuwalinda wako ni kuwalinda wa Bi Sindano pia. Ila tufanye haraka. Ikishachanganywa haingoji. Jua likifika utosini, haya ni maji tu."

Kamanda akakuna kichwa, akakubali. Lakini mtu aliyezoea kutoa amri hatoi kitu bila kukifunga kamba. Alikwenda ukingoni mwa mtaro, akakohoa, akamtangazia Bi Sindano kwamba chanjo ipo, kwa masharti. Kuku wake wavae uzi wa bluu. Wafunguliwe saa atakayosema Kamanda. Na yule jogoo wake anayewika ovyo aondolewe. Kamanda atamwekea jogoo mwingine, mtulivu, aliyelelewa vizuri.

Bi Sindano alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pini mdomoni. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kola.

"Shemeji," alisema, "chanjo naitaka. Kuku wangu wanaisha. Lakini jogoo wa nyumba yangu namchagua mimi. Ukiniwekea wako, wangu watampiga, na mimi nitawashikia taa."

Akawaswaga kuku wake wote ndani ya nyumba, akafunga mlango. Kutoka ndani ilisikika cherehani, na juu ya cherehani, jogoo.

"Mnaona," alisema Kamanda. "Ukaidi. Tatizo ni nchi yao. Serikali yetu ingekwenda ikawawekea kiongozi anayetusikiliza sisi, ofisi yao ya chanjo ingefunguliwa kesho."

"Kama ulivyotaka kumwekea jogoo?" aliuliza Bibi Mifugo.

Kamanda akaanza kuifuta firimbi yake kwa pindo la shati.

Binti akakaa kwenye kasha lake la barafu. Alimwambia kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Ng'ambo ikiyumba, hapa panayumba. Ndiyo maana mwoka mikate hayupo, pumba hazipo, na kideri kipo. Kwa hiyo anayeshangilia jirani akianguka anashangilia njaa yake mwenyewe. Lakini nchi haisimami kwa miguu ya nchi nyingine.

"Kiongozi wa kuwekewa na jirani hushinda kutwa akijilinda dhidi ya watu wake," alisema. "Ataikumbuka saa ngapi friji ya chanjo? Na watu wakilazimishwa, huficha. Tazama ule mlango. Sasa mle ndani kuna kuku ambao hakuna atakayewachanja, na kideri kinapenda sana mahali palipofichwa. Wauzie, nunua kwao, wasaidie wanapoomba, usiwachochee. Kuamua, waamue wenyewe."

"Na chupa?" aliuliza Mama Watoto.

Wote wakaangalia jua. Lilikuwa limebakiza kidogo tu.

Kamanda akaenda bombani. Akayasugua mabuti kwa sabuni na brashi, juu na nyayo. Akavua firimbi shingoni, akamkabidhi mkewe. Akapita kidarajani kama watu wengine, kadi mkononi, na askari akaikagua kwa makini kuliko ilivyohitajika. Akabisha hodi.

"Bi Sindano," alisema, "nimekuja bila jogoo."

Cherehani ikanyamaza.

"Na firimbi?"

"Nimeiacha kwa mke wangu."

"Uzi wa bluu?"

Kamanda akautoa mfukoni, akaupitisha chini ya mlango. Bi Sindano alikuwa na nguo ya bluu ya kushona, akaona si haba. Mlango ukafunguliwa.

Bibi Mifugo hakuvuka kwenda kuchanja. Kule, alisema, kuna mwenyewe. Alikuwa ameshampigia simu Bwana Mifugo wa ng'ambo, ambaye ofisi yake ilikuwa na kufuli lakini mikono yake haikuwa nalo. Alikuja kwa miguu, akapokea chupa kidarajani, akaifanya kazi yake kwenye nchi yake. Wagonjwa akawatenga, wazima akawachanja. Matone yaliyobaki yakatosha nyumba nyingine mbili za jirani. Kamanda ndiye aliyeshika kuku. Alipomfikia yule jogoo, jogoo alimdonoa sikio, na Kamanda akaomba radhi.

Hakufa kuku mwingine kwa Kamanda. Kwa Bi Sindano waliokuwa wazima walibaki wazima. Ng'ambo nako, wakubwa waliishia kukaa meza moja, wao kwa wao, wakapata njia yao. Haikuwa njia ambayo Kamanda angeichagua, naye alilisema hilo mara moja tu, kwa sauti ndogo, mwoka mikate akiwa anapakia trei. Mtoto wa mwisho alipewa mkate mtupu, akaula kama sikukuu. Mabati ya uzio yakatumika kuezeka banda.

Hadithi ingeishia hapo kama redio ingekubali. Msimu uliofuata ikasema tena kwamba mambo yameharibika, ila safari hii ilikuwa upande huu. Wakubwa wa hapa nao waliona kiti. Ofisi ya Bibi Mifugo ikapigwa kufuli, pikipiki yake ikakosa mafuta, na miezi mitatu ya chanjo ikawa inakwisha. Kamanda akakaa kizingitini, mkono shavuni, akifikiria ghala, usiku na baridi.

Akasikia hodi. Kwenye kidaraja alikuwa Bi Sindano, pini mdomoni, na nyuma yake Bwana Mifugo wa ng'ambo na kasha la barafu. Walisimama palepale, mwisho wa nchi yao. Bwana Mifugo akasema ameongea na Bibi Mifugo, naye anakuja kwa miguu kuichukua chupa.

Kamanda akasimama polepole. Jogoo wake mtulivu, aliyelelewa vizuri, akasogea akajificha nyuma ya miguu yake.

"Masharti?" Kamanda aliuliza.

Bi Sindano akatoa pini.

"Moja tu, shemeji. Leo kuku washikwe na mkeo. Wewe unawakaba."

Ng'ambo, yule jogoo akawika, saa isiyo yake, kama kawaida. Kamanda akasikiliza mpaka mwisho, akasema siku hizi ana sauti nzuri.