Sekunde Arobaini na Saba

Kila Jumamosi, Chapuchapu akishaosha vyombo na kupiga deki, humfuata shangazi yake kazini. Jina hilo alibandikwa na wenzake wa darasa la sita, maana hata chai ya moto huinywa kama anakimbizwa. Shangazi ni fundi wa kompyuta katika zahanati. Kadi zote za wagonjwa zimo ndani ya kompyuta moja. Ikijivuta, foleni nayo inajivuta, na kina mama wenye watoto wachanga wanakaa kwenye benchi mpaka miguu inakufa ganzi.

Siku hiyo shangazi aliweka mezani kompyuta ya majaribio, yenye nakala ya kadi zile.

"Kila kompyuta ina kiini," alimweleza. "Ndicho kinachogawa kazi zote humo ndani. Sasa kimetoka kipya. Nataka kujua kipi kinatafuta kadi haraka, hiki au cha zamani. Kila kimoja pima mara tatu. Na kabla ya kila kipimo, zima, uwashe upya. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia kwa masikio au kwa kichwa?"

"Vyote viwili."

Shangazi akaenda kutengeneza printa ya mapokezi. Kiini cha zamani Chapuchapu alikipima vizuri: sekunde arobaini na moja, arobaini na mbili, arobaini na moja. Shangazi akaja kuweka kipya, akaiwasha kompyuta upya, akarudi kwa printa yake. Kipimo cha kwanza, arobaini na saba.

Mh. Kuzima na kuwasha kunakula dakika sita, na nje wenzake walishaanza kumwita wakacheze rede. Akapima bila kuzima. Kumi na tisa. Akapima tena, kumi na nane. Basi ile arobaini na saba akaifuta kwa raba, akapima mara moja zaidi kujaza nafasi. Kumi na nane.

Shangazi alipoisoma karatasi, uso ulimchanua. Akachukua simu palepale.

"Daktari, Jumatatu tunabadilisha. Foleni itapungua, nakuhakikishia."

Chapuchapu alikuwa ameshafika mapokezi. Mama mmoja alikuwa anambembeleza mtoto mwenye homa.

"Nesi, kadi yangu bado?"

"Bado inatafuta, mama. Vumilia kidogo."

Miguu ya Chapuchapu ikagoma kutoka nje. Akarudi.

"Shangazi, sikuzima. Kile kipya. Na kipimo cha kwanza nilikifuta. Kilikuwa arobaini na saba."

Shangazi akavuta kiti.

"Kompyuta ikishasoma kadi, inazikumbuka mpaka uizime. Ni kama mtihani ambao majibu umeshayaona. Haya, kaa. Tunaanza upya."

Arobaini na saba. Arobaini na nane. Arobaini na saba. Kiini kipya kilikuwa kizito kuliko cha zamani. Shangazi akapiga simu tena.

"Daktari, nilikuhakikishia kisicho kweli. Tubaki na cha zamani kwanza. Samahani sana."

Chapuchapu aliinamisha kichwa. "Mbona hukunitaja?"

"Karatasi niliipokea mimi bila kuuliza," shangazi alisema, akimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Uvivu wa kuzima tumeumaliza kwa nusu saa. Lakini ulichofuta kwa raba, nani angekiona? Kile kipimo cha kwanza ndicho pekee kilichosema kweli, nawe ukakinyamazisha kwa sababu hukukipenda. Siku nyingine andika ulichokiona, hata kikikuchelewesha. Leo umerudi kusema. Hapo umeniokoa mimi, na yule mama pale mapokezi."