Idadi Imetimia

Chai ilikuwa na chumvi.

Nthambi aliitema, akaonja sukari, akaonja maziwa, kisha akaenda uani na kuchota maji ya pipa kwa kiganja. Chumvi tupu. Bahari iko mbali na Buruburu, na maji yale aliyanunua mwenyewe kwa mwenye mkokoteni mfereji ulipokauka. Alimlaani mwenye mkokoteni kimoyomoyo, akamwaga sufuria nzima.

Hakumwambia mumewe. Kimeu alikuwa amerudi majuzi tu kutoka pwani, baada ya bahari kuchafuka na mashua kupandishwa nchi kavu. Kazi yake ilikuwa kuwazungusha watalii visiwani kwa mashua ndogo, awaonyeshe pomboo na kasa, kisha azame nao kwenye matumbawe, mitungi ya hewa mgongoni. Misimu mingine alirudi na visa mpaka watoto wakasinzia mdomo wazi. Safari hii alirudi na miwani ya kuzamia kwa ajili ya Muoki, kitinda mimba wake, na kimya kisichomfaa.

Na tabia moja mpya. Kila walipoketi mezani alinyoosha kidole na kuhesabu. "Mimi, mama, dada, kaka. Wanne. Idadi imetimia."

"Baba Mukai, usihesabu watoto," Nthambi alimwambia. "Kwetu hata ng'ombe hahesabiwi hivyo, sembuse mtu!"

"Ni kazi, mama. Nimezoea."

Mazoea yana taabu. Kimeu alimfundisha Muoki ishara ya wazamiaji, kwamba chini ya maji hakuna kusema, mwenye shida hugonga mtungi wake kwa chuma. Ngo, ngo, ngo. Yaani niko hapa, nitazame. Tangu hapo mtoto akawa hashikiki, miwani usoni na kijiko mkononi, kila sufuria anaigonga.

Kisha pipa likaanza kugongwa kutoka ndani. Watoto walikuwa shuleni. Ngo, ngo, ngo. Nthambi alimtazama mumewe akidhani atacheka, akamwona amejikunja kwenye kiti na kushika masikio.

"Nilimwacha mtu," Kimeu alinong'ona. "Mgeni. Walipopanda mashua nilihesabu, idadi ikatimia. Nikasikia mtu anagonga huko chini. Nilisikia vizuri kabisa, Mama Mukai. Lakini idadi ilikuwa imetimia, nikamwambia nahodha tung'oe nanga. Jioni tukakuta nguo za kuzamia zimekaa kitini peke yake, zimejaa maji. Hamna mtu ndani."

Nthambi alimhurumia na kumchukia papo hapo.

Jirani yao Sirad, muuza vitambaa, ndiye aliyemleta mjomba wake, Maalim Kadar wa Eastleigh. Mzee aliinama juu ya pipa, akarudi nyuma na kushika pua. Uani kulinuka mwani na samaki aliyeoza.

"Huyu ni wa baharini," alisema kwa sauti ya chini. "Hukaa nafasi ya mtu, na mtu akakaa nafasi yake. Ukihesabu, wewe mwenyewe umempa kiti."

Aliamuru maji yamwagwe na pipa liachwe wazi. Kisomo kingemsukuma jini humo, wamfungie. Muoki akarukaruka. "Sasa naweza kuzama humo, Dad?" Kimeu alimfokea, akawafungia yeye na dada yake Mukai chumbani.

Wakaketi sebuleni jioni ile, Maalim akasoma, na kadiri alivyosoma ndivyo harufu ya samaki ilivyozidi, ikapanda kutoka sakafuni, ikaingia kooni, na miguu yenye maji ikasikika ikipita koridoni, pwata, pwata, ikaenda, ikarudi, ikasimama nyuma ya kiti cha Nthambi ambaye hakuthubutu kugeuka, mpaka huko nje mfuniko wa pipa ukajifunga kwa kishindo kilichotikisa vikombe kabatini.

Maalim alitoka mbio, akaufunga mfuniko kwa kamba, akaziba ukingo kwa udongo.

"Atagonga. Atalia. Msifungue mpaka jua lichomoze. Na watoto msiwahesabu! Mwiteni kila mmoja kwa jina lake, aitike. Jini hawezi kuitikia jina la mtu."

Alipoondoka tu, pipa likaanza. Ngo, ngo, ngo.

Nthambi alikimbilia chumbani. Kimeu alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni, kidole juu. "Mmoja, wawili. Imetimia."

"Waite, Baba Mukai."

"Wamelala. Si unawaona?"

Aliwaona. Muoki alikuwa amejikunja chini ya blanketi, uso ukutani. Nthambi alifungua mdomo amwite, akauonea huruma usingizi wa mtoto, akaufunga.

Walikula huku pipa likigongwa. Likagongwa kwa haraka, kisha kwa vurugu, kisha ikatoka sauti nyembamba ya kulia iliyofanana mno na sauti wanayoijua, na Kimeu akasema ndiyo hila zao hizo, akaongeza sauti ya televisheni, akaongeza tena, na Nthambi akakaa amejishika magoti akijiambia wote wako kitandani, amewaona kwa macho yake, idadi imetimia, mpaka ngo moja ikasikika, ndogo, na baada yake hamna kitu.

"Amekwisha," Kimeu alisema. Akacheka, mara ya kwanza tangu arudi. Nthambi naye akacheka.

Jua lilipochomoza Nthambi alikata kamba mwenyewe. Pipa walilolimwaga hadi tone la mwisho lilikuwa limejaa pomoni, maji ya chumvi. Miwani ya kuzamia ilielea karibu na uso wa maji. Chini ya miwani palikuwa na nywele, na mkono mdogo umeng'ang'ania kijiko kilichopinda.

"Muoki!"

Mlango wa chumbani ukafunguka. Miguu yenye maji ikaja koridoni, pwata, pwata, ikapita, ikavuta kiti cha Muoki mezani na kuketi, karibu na Mukai aliyekuwa akinywa uji. Kimeu alisimama, mdomo wazi, na kidole chake, bila yeye kukitaka, kikaanza kunyanyuka.

"Muoki!" Nthambi aliita tena, safari hii akikitazama kilichokaa kitini.

Kikageuka, kikamtabasamia mama vizuri sana. Hakikuitika.