Nilituma Simu Kutosha Kilio cha Yaya Yangu

Niko na miaka makumi ine na moja. Ni fundi wa kushona, kazi yangu iko mu lupango, kiwanja cha nyumba yangu mwenyewe, hapa Katuba. Kutoka sipendi. Bibi yangu anasema siku ya kufa nitaomba banizike chini ya cherehani. Sitamubishia...

Kwa hiyo, ndugu musomaji, usifikiri bei ya esansi, petroli ya motokari, pekee ndiyo iliniharibia. Nilisaidiana nayo.

Bei ilipopanda, tuliona kwanza ku taxi. Kisha ku makala ya kupikia, kwani inakuja na lori. Kisha unga, mafuta, nyanya... Hata mama mwenye kuuza vitumbua, anayetembea na miguu, akapandisha! Nilimuuliza kama anakunywa esansi. Alicheka, hakupunguza. Tukaanza kula bukari mara moja kwa siku. Batoto bakaenda ku masomo na miguu.

Ni wakati ule Yaya Generose, dada yangu mukubwa, alinipigia simu toka Kasomeno. Ni yeye alinilea kisha mama yetu kufa. Bwana yake alikuwa amekufa, mwaka ulikuwa unatimia, jamaa ya bwana inataka kutosha kilio, ni kusema kumaliza matanga. Siku ile ndugu ya mujane anapaswa kusimama mbele yao na kusema: tumekuja kukamata muntu wetu. Asipokuja, mujane anabakia mikononi mwao. Na ndugu mudogo wa marehemu alikuwa anangoja apewe Yaya pamoja na nyumba. Yaya hakumutaka. Aliniomba kitu kimoja tu: nifike.

Niliahidi. Pesa ya njia niliweka pembeni. Lakini transporti ikapanda tena, na makala ikaisha mu nyumba. Nikanunua makala. Na nisifiche: ile safari ilinichosha hata mbele ya kuianza. Esansi ilinipa sababu nzuri, nikaipokea na mikono mbili.

Nikajiona mwenye akili. Niliomba baweke simu haut-parleur, bote basikie, niseme maneno toka huku. Nilivaa hata koti! Bibi yangu akaniuliza nani ataiona.

Nilisema yote, vizuri kabisa. Nikasikia bantu banacheka. Mukubwa wa jamaa akauliza, pole pole:

— Sasa, shemeki, hii simu itamukamata Generose mukono, itatembea naye?

Jioni ile bakamutia Yaya mikononi mwa yule mudogo.

Miezi ikapita kabla nifike kwake. Nilitayarisha kichwa changu kwa matusi. Hakunitukana. Alinipa kiti kizuri, akachinja kuku, akaniwekea sahani peke yangu. Nilitaka kuingia mu jikoni kama zamani, akanizuia ku mulango.

— Ukae, papa. Mugeni haingie mu moshi.

Papa! Mimi, ambaye yeye alinibeba mu mugongo... Hivyo ndivyo unaita mwanaume usiyemujua. Nilikula kuku yote. Sikusikia hata kama ilikuwa na chumvi. Mu njia ya kurudi sikulia, na mpaka leo silii. Ninashona.

Wewe unayesoma, punguza nyama, punguza sukari, zima redio. Bei zinatufinya sisi wote, siwezi kukudanganya. Lakini kama ndugu yako anakungojea mbele ya bantu, panda hata juu ya magunia ya lori, ufike. Usitume sauti yako peke yake.

Mwezi jana esansi ilishuka kidogo. Nilimupigia Yaya, nikamwambia. Akasema:

— Ni vizuri, papa.