Suruali Mezani kwa Fundi

"Fumua," alisema Fundi.

"Yote?"

"Mpaka pale ulipoanza kukosea, mzee wangu. Na ulianza kukosea juzi."

Karani aliutazama mkono wa sweta uliokuwa mapajani mwake. Alikuwa amefuma safu thelathini na moja, na kila safu ameiandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Katika miaka thelathini na minne ya kazi ya ofisi, hakuna aliyewahi kumwambia afute kazi ya siku tatu. Akavuta uzi. Ukaanza kuachia, safu kwa safu, kama unamcheka.

Mtaa mzima ulimwita Karani, ingawa alistaafu akiwa mkuu wa masjala. Fundi alikuwa jirani yake wa nyumba ya tatu, mjane mwenye ulimi mwepesi, aliyeshonea nguo sebuleni kwake mlango ukiwa wazi. Hakuna aliyetarajia kuwaona hao wawili wameketi pamoja kila alasiri, mmoja akishona magauni ya watu, mwingine akipigana na sindano mbili za kufumia. Lakini Karani alikuwa na shida, na shida yenyewe alikuwa ameiandika kwa mkono wake.

Wiki moja na ushei kabla ya hapo alikuwa akisafisha chumba kidogo cha nyuma ili akifanye maktaba. Alipanga vitu kwenye maboksi na magunia, na kwa mazoea ya masjala akabandika lebo kila mahali: RISITI. BARUA. VITABU. Kwenye kona kulikuwa na vikapu vya mkewe. Ndani yake mlikuwa na sweta lenye mkono mmoja, fremu ya mbao iliyobeba kitambaa cha meza kilichofumwa nusu, na blanketi la vipande lililokunjwa miaka tisa bila kuguswa. Akavitia vyote kwenye gunia moja, akalisogeza karibu na mlango wa nje, akaandika lebo yake kwa wino mweusi, herufi zimenyooka kama askari: VIRAKA.

Mkewe alirudi kutoka sokoni akaisoma. Hakupiga kelele. Alisimama pale mfuko ukiwa mkononi.

"Umeandika vizuri sana," alisema.

Karani hakuelewa, na asiyeelewa husema sana. Alimweleza kwamba vitu vile havikuwa vimekwisha wala havitakwisha, kwa kuwa yeye ni mtu wa kuanza na si wa kumaliza. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Jioni ile alikuwa kwa mdogo wake, mwendo wa saa mbili kwa basi, na begi moja.

Siku ya nne ujumbe uliingia kwenye simu ya Karani.

"Uani kwa mdogo wangu kuna chumba. Mpangaji anatoka mwisho wa mwezi. Nitakichukua mimi. Wewe kaa na maktaba yako."

Alimpigia mara mbili. Mara zote mkewe alipokea, akamsalimu kwa upole, akamuuliza hali ya presha, akamwambia dawa ziko droo ya pili, kisha akasema ana kazi. Upole huo ndio uliomtisha. Angegombeza, Karani angejua pa kushika. Huyu alikuwa kama mtu anayekabidhi ofisi.

Ndipo akalibeba lile gunia begani, mchana kweupe, mpaka kwa Fundi.

"Nifundishe," alimwambia. "Nataka kuvimaliza vyote kabla ya mwisho wa mwezi, nimpelekee."

Fundi aliondoa mguu kwenye cherehani.

"Vyote? Wewe ambaye kifungo kikikatika unaita watu?"

"Nilijifunza kupiga taipu nikiwa na miaka arobaini. Sindano itanishinda?"

"Taipu haina vitanzi. Kaa chini."

Akakaa. Siku za mwanzo vidole vilikuwa vizito na uzi ulijisokota kila alipoangalia pembeni. Lakini Karani alikuwa mtu wa kuhesabu, na kufuma, aligundua, ni kuhesabu kwa mikono. Baada ya kufumua mara ya kwanza na ya pili, mkono wa kushoto wa sweta ulikamilika. Ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa vidole vinne. Fundi alisema atakayelivaa itabidi avutwe kwanza. Kitambaa cha meza alikimaliza kwa siku nne, rula ikiwa pembeni, kingo zikanyooka kiasi kwamba Fundi alizipima mwenyewe, na Karani akatembea mtaani siku hiyo kifua mbele.

Likabaki blanketi.

Walilitandaza sakafuni. Lilikuwa karibu limekamilika, isipokuwa katikati, ambapo palikuwa na tundu la mraba, ukubwa wa kitabu kilichofunguliwa. Fundi alipiga magoti akapitisha kidole kwenye kingo zake.

"Mzee wangu, hili halikuachwa kwa uvivu. Tazama alivyopinda hizi kingo. Mtu hapindi tundu kwa uzuri hivi kama hana cha kuweka. Vipande hivi ni nguo zenu, au siyo? Sare za watoto, gauni lake, shati lako. Cha katikati alikuomba nini?"

Karani akaanza kutafuta miwani, na miwani alikuwa ameivaa.

"Sikumbuki," alisema.

Alikumbuka vizuri. Walipooana alikuwa tarishi mchana na mwanafunzi jioni, na suruali ya kuvaa kote kuwili ilikuwa moja, ya kaki. Goti la kulia lilitoboka kwa kupiga magoti akipanga mafaili ya chini. Mkewe alilitia kiraka cha kijani kibichi, maana kitambaa kingine hakikuwepo. Darasani walimbatiza jina Bwana Goti. Alivaa kiraka kile mpaka akafaulu mitihani yote.

Miaka tisa iliyopita mkewe aliiomba suruali ile. Wakati huo Karani alikuwa mkuu, ana suti tatu. Akamjibu kwamba aliichoma zamani, mtu hatunzi matambara ya shida. Blanketi lilikunjwa jioni ileile.

Na haikuwa kweli. Suruali ilikuwa chini kabisa ya sanduku la bati, imefungwa kwenye gazeti, juu yake vyeti vyote. Kila alipopandishwa cheo alifungua sanduku akaitazama, akafunga. Mbele ya watu aliionea haya. Mbele ya mkewe alionea haya kwamba anaipenda.

Siku mbili alijaribu kudanganya tundu. Alileta tai ya hariri, Fundi akasema inang'aa kama mgeni aliyekosea mlango. Alileta kipande cha koti la suti. Fundi alikiweka, akakitoa, akamrudishia.

Siku ya tatu, saa nane mchana, Karani aliingia na gazeti kuukuu kwapani. Fundi alilifungua, akaitandaza suruali mezani, akakiona kiraka. Akachukua mkasi.

"Tukate?" aliuliza.

"Kata goti lote. Kiraka kiwe katikati."

Na wakati huohuo, kwenye mlango ule ulio wazi, dada yake Karani alikuwa anapita.

Saa nane na dakika kumi simu ya mke wa Karani ililia kwa ujumbe.

"Wifi, sitaki kuwa mchonganishi, unanijua. Lakini wewe ukiwa huko, kaka yangu kila alasiri yuko kwa Fundi. Nilinyamaza. Leo nimeona kwa macho yangu mawili, suruali yake iko mezani kwa yule mwanamke. Mimi nimemaliza."

Mke wa Karani alimpa mdogo wake simu asome. Mdogo mtu alisoma mara mbili, akasema kwamba shemeji yake alivyo, anayepiga pasi hata leso, haiwezekani akavulia suruali kwa watu. Mke wa Karani alikuwa tayari anavaa viatu.

"Chumba nitakichukua," alisema. "Lakini nataka nikichukue nikiwa najua nimeacha nini."

Saa kumi na moja kasoro alisimama mlangoni kwa Fundi. Karani alikuwa amempa mgongo, ameinama.

"Karibu, dada," alisema Fundi bila kushtuka. "Mzigo wako huo hapo. Siku kumi na tatu ananimalizia uzi."

"Nimeambiwa suruali ya mume wangu iko hapa."

Karani aligeuka taratibu. Sindano ilikuwa mkononi, miwani imeshuka puani.

"Iko," alisema. "Nusu yake."

Mkewe aliangalia meza. Mguu mmoja wa suruali ya kaki ulikuwa umelala pale, na mwingine umekatwa juu na chini ya goti. Macho yake yalifuata vipande vya nyuzi mpaka mapajani mwa mumewe, kwenye blanketi, kwenye ule mraba wa kaki wenye kijani katikati, ulioshonwa pande tatu. Alisogea. Akakigusa kile kijani kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta vumbi kwenye picha.

"Uliniambia uliichoma."

"Nilikudanganya."

"Miaka tisa?"

"Miaka tisa."

"Kwa nini?"

Karani aliivua miwani. Hotuba alikuwa nayo, alikuwa ameiandika kwenye daftari, kurasa mbili. Haikuja hata sentensi moja.

"Niliona aibu," alisema. "Nilishakuwa mtu mkubwa. Ningekwambia ninaiweka, ingebidi nikwambie na sababu. Kwamba mitihani ile sikufaulu peke yangu. Ulikuwa hapo gotini kila siku."

Fundi alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanua uani. Akatoka.

Mkewe alikaa kwenye kiti cha Fundi.

"Unajua mimi nilifikiri nini? Nilifikiri umeichoma kweli. Nikasema basi, yule niliyemshonea hayupo tena, nimebaki na mkuu wa masjala. Ndiyo maana sikumaliza. Ningemalizia na nini?"

"Sikujua."

"Hukuuliza. Uliandika lebo."

Karani aliiweka miwani mezani. Alimwambia tu alichokuwa amekwisha kuamua: chumba kile kidogo ni chake, vitabu vitakaa sebuleni. Asiporudi, bado kitakuwa chake, na vikapu vitakaa mezani badala ya sakafuni.

Mkewe alilivuta blanketi, akaligeuza upande wa chini, akalileta karibu na macho.

"Nani ameshona hapa?"

"Mimi."

"Umeshona kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

"Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja."

Mdomo wake ukajikaza, ukashindwa. Akacheka, kicheko kidogo cha puani, ambacho Karani hakuwa amekisikia tangu kabla ya lebo.

"Fumua," alisema.

"Yote?"

"Pande mbili. Huu wa tatu uache, unajitahidi." Akaitoa sindano mkononi mwake, akaipitisha uzi mara moja bila hata kuangalia. "Na chumba chote sikitaki. Nataka nusu, upande wa dirisha. Wewe na vitabu vyako mtakaa ukutani. Nikifuma napenda kusomewa."

"Nitakusomea."

"Na siyo hotuba, baba watoto."

Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tatu kumwita hivyo. Karani alijifanya anatafuta mkasi.

Walilimalizia blanketi kesho yake, nyumbani, katika chumba kidogo, dirisha likiwa wazi. Mkewe alimvalisha sweta ili alijaribu. Mkono wa kushoto ulimeza vidole vyote. Aliukunja mara moja, akaukunja mara ya pili, akasema sasa angalau anajua mkono upi ni wa nani. Karani akataka kulikusanya lile gunia tupu na kuichana lebo.

"Iache," mkewe alisema. "Neno halina kosa. Kosa ni kuliweka kwenye gunia."

Akaibandua yeye mwenyewe, akaibandika kwenye rafu ya upande wake, juu kidogo ya vikapu: VIRAKA, herufi zimenyooka kama askari.

Kisha akachukua simu. Ujumbe wa kwanza ulikwenda kwa mdogo wake.

"Kile chumba cha uani mpe mtu mwingine. Begi langu nitakuja na shemeji yako kulichukua."

Wa pili ulimchukua muda zaidi. Aliuandika, akaufuta, akatazama blanketi lililotandazwa magotini mwa mumewe, akauandika tena.

"Wifi, asante kwa taarifa. Suruali nimeiona. Kiraka kile nilikitia mimi."