Swali Lililomfukuzisha Gentrix

Selpher alikuwa akipalilia mahindi yake karibu na Khwisero. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwaka wa 1996. Alimwona binti yake, Gentrix, akirudi kutoka shuleni huku akilia.

“Mbona uko nyumbani?”

“Mwalimu Phineas amenifukuza. Niliuliza swali.”

“Swali gani?”

Gentrix alikuwa darasa la saba. Alieleza kwamba mgeni alikuja shuleni na televisheni, mashine ya video na jenereta. Aliwaonyesha filamu. Ndani yake, mgonjwa wa malaria alikunywa unga wa mitishamba, akainuka na kucheza ngoma.

“Ni ule unga Baba alinunua sokoni,” Gentrix alisema. “Nikamuuliza mgeni, mbona baba yangu ameunywa siku tatu na bado anatetemeka? Mwalimu akasema nimemwaibisha mgeni. Nisirudi bila mzazi.”

Selpher alitupa jembe chini, akakimbilia nyumbani. Mumewe, Lusweti, alikuwa kitandani akitetemeka. Walimpakia kwenye baiskeli ya jirani, wakamsukuma hadi kituo cha afya. Nesi alimpima damu.

“Ana malaria kali,” nesi alisema. “Mngekawia kidogo tu, mngempoteza.”

Kesho yake Selpher alimshika Gentrix mkono, akaingia naye darasani bila kubisha hodi.

“Mwalimu! Mume wangu nusura afe. Mtoto wangu aliona hatari, akasema. Wewe ukamfukuza!”

“Mama Gentrix, tuzungumze nje,” Phineas alisema. “Mwanafunzi humsikiliza mgeni, habishani naye.”

“Hapana. Alifukuzwa hapa, tutazungumza hapa.”

Nyuma ya darasa alikaa mwanamke mwenye daftari. Aliitwa Milcah, mkufunzi wa walimu kutoka Kakamega mjini. Alikuwa akichunguza jinsi wanafunzi wanavyoshiriki katika masomo ya redio, magazeti na video.

“Nimekaa hapa siku kumi,” Milcah alisema. “Wanafunzi ni arobaini na wanane. Nimeandika swali moja tu la mwanafunzi. Ni la Gentrix.”

Selpher alimgeukia. “Kumbe ulikuwapo? Alipofukuzwa ulifanya nini?”

“Niliandika.”

“Uliandika tu!”

Milcah aliinamisha kichwa. “Nilinyamaza. Nilikosea, mama.”

Kisha alisimama mbele ya darasa. “Filamu haijitengenezi,” alisema. “Kuna mtu aliyeshika kamera. Alichagua cha kuonyesha na cha kuficha. Hata redio na gazeti ni hivyo. Kwa hiyo uliza: nani ametengeneza habari hii? Anataka nifanye nini? Ameacha nini? Nitahakikisha kwa nani?”

“Mimi nilifundishwa kwamba mtoto mwema husikiliza,” Phineas alisema polepole.

“Mume wangu pia alisikiliza,” Selpher alijibu.

Phineas aliweka chaki mezani. Halafu alimwomba Gentrix msamaha mbele ya wenzake, na Gentrix akarudi kwenye dawati lake.

Tangu siku hiyo, somo la redio likiisha, Phineas alizima redio na kuwapa wanafunzi nafasi ya kuuliza. Walileta vipande vya magazeti vilivyofungiwa sabuni dukani, wakavichambua. Milcah aliwaazima kinasa sauti. Walikwenda kituo cha afya, wakamhoji nesi kuhusu malaria na kunasa maneno yake kwenye kaseti.

Siku ya wazazi, kaseti yao ilichezwa uwanjani. Lusweti, ambaye sasa alikuwa amepona, aliketi karibu na Selpher. Watu walipiga makofi.

Msichana mmoja wa darasa la sita, Dinah, aliinua mkono. “Na nyinyi mmeacha nini?”

Gentrix alimtazama Phineas. Phineas alikunja uso, kisha akasema, “Umeulizwa. Jibu.”

“Tuliacha mwisho wa kaseti, mahali nesi alisema dawa za malaria huisha kituoni kila mwezi,” Gentrix alisema. “Tuliogopa wakubwa watakasirika.”

Wazazi walianza kunung’unika. Selpher alisimama.

“Wakasirike! Sisi tumekasirika kabla yao. Chezeni yote.”

Walicheza yote. Jioni hiyo wazazi waliandika barua kwa ofisi ya afya, wakaitia sahihi mmoja baada ya mwingine. Asiyejua kuandika alitia kidole kwenye wino. Wiki tatu baadaye dawa zililetwa. Nesi mwenyewe alikuja darasani kuwaambia wanafunzi, na kabla hajamaliza kusema, mikono kumi na minne ilikuwa juu.