Dende wa Séraphine na Dawa ya Mtoto

Mwezi wa tatu 1979, saa kumi na mbili asubuhi, dende wawili, wale wanyama wadogo wa kufugwa kama panya wanene wasio na mkia, walikuwa wamelala ubavu karibu na mafiga ya Séraphine. Hawakukimbia alipowasha moto.

Séraphine aliwagusa kwa kijiti. Walikuwa wamekakamaa. Manyoya yao ya nyuma yalikuwa yamelowa mavi ya majimaji. Wa tatu alikuwa bado anapumua, lakini majani yaliyokuwa mbele yake hakuyagusa.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha juu ya mlima wa Kadutu. Gaston, mume wa Séraphine, aliingia akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa sentineli, mlinzi wa usiku, wa nyumba moja ya mtaa wa Muhumba. Aliketi bila kuvua koti.

“Dende mbili zimekufa,” Séraphine alisema. “Hata ya tatu iko njiani.”

“Weka kwa sufuria.”

“Hatujue zilikufa na nini.”

“Mi niko najua. Zilikufa na kufa.”

Séraphine hakucheka. Dende wale walikuwa nyama ya Sophie, binti yao wa miaka mitatu. Mwaka uliopita Sophie alikuwa na bwaki, ugonjwa wa utapiamlo. Miguu yake ilivimba, nywele zikageuka nyekundu, akawa mtoto wa kukaa mahali pamoja bila kucheza. Kwenye kituo cha lishe walisema apewe maharagwe, samaki wadogo na nyama. Nyama ya ng'ombe haikuwa ya watu kama Gaston. Lakini dende hula majani na maganda, na huzaa upesi. Kila baada ya muda, dende mmoja aliingia katika chungu cha Sophie, na miguu ya mtoto ilikuwa imerudi kuwa miembamba.

Wiki iliyotangulia Sophie alishikwa na kikohozi kikali. Muuguzi wa dispansere alimpa vidonge vya penisilini. Alisema mtoto avinywe hadi viishe. Siku ya tatu Sophie alikuwa anacheza. Siku zile zile dende wanne kati ya wale aliofuga walitokwa na uvimbe wa usaha shingoni. Séraphine alifikiri hivi: dawa imemponya mtoto, na dende ni chakula cha mtoto, basi iwaponye na wao. Alisaga vidonge vilivyobaki, akavichanganya na maji, akawanywesha watatu kwa kijiko. Wa nne dawa ilimwishia. Hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka, na aliona amefanya kazi nzuri.

Jirani yake Adolphine alipita kuomba moto. Adolphine aliuza sabuni, chumvi na vidonge kwenye soko la Kadutu.

“Uliwapatia kidogo,” alisema alipoelezwa. “Njo maana wanakufa. Nitakuletea zile za rangi mbili. Zile ziko na nguvu.”

“Na kama nawaua wote?”

“Maman Sophie! Dende haina hata karte ya chama, weye unaiogopa kama mukubwa wa komini!”

Kitandani Sophie alikohoa. Kikohozi kilikuwa kile kile cha mwanzo, kizito, na kila pumzi ilivuta mbavu ndani. Séraphine alichukua kitenge. Alimfunga mtoto mgongoni. Dende mmoja aliyekufa alimfunika kwa jani la mgomba ndani ya kikapu, akateremka.

Njia ya dispansere ilipita sokoni. Pale alifanya kazi Mushagalusa, muuguzi wa mifugo ambaye watu walimwita veterineri, na ambaye alikagua nyama kabla haijauzwa. Alikuwa anaosha visu vyake. Alimgeuza dende, akatazama tumbo na matako.

“Maman, ulimupatia dawa gani?”

Séraphine alitazama chini. “Penisilini. Ilikuwa ya mutoto.”

“Mutoto alimaliza yake?”

“Alikuwa amepona.”

“Nimeuliza kama alimaliza.”

“Hapana, papa.”

Mushagalusa hakumgombeza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kusema jambo moja mara nyingi mno. Alisikiliza pumzi za mtoto mgongoni.

“Enda kwa dispansere sasa. Mwambie munganga wa kule ukweli yote. Dende hii itaningoja, haina haraka tena. Nitapanda kwenu muchana.”

Muuguzi wa dispansere aliweka sikio kwenye kifua cha Sophie. Alianza matibabu upya, kwa sindano.

“Kikohozi kikinyamaza, mikrobe, zile vidudu hazionekane na macho, hazijakufa zote,” alisema. “Zinabakia zile za nguvu. Ukiacha dawa katikati, unaziachia nyumba. Umulete kila siku, hata akianza kucheza. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Hata akiruka kamba.”

Séraphine aliporudi, sufuria ilikuwa motoni. Gaston alikuwa amemchuna yule dende mwingine. Wa tatu alikuwa amekufa na kuwekwa kando. Mushagalusa alifika kabla maji hayajachemka vizuri.

“Citoyen,” alimwambia Gaston, kama raia walivyoitana siku zile, “toa ile sufuria.”

“Tangu Noeli sijakula nyama,” Gaston alisema.

“Nakusikia. Lakini nyama iliyokufa yenyewe haiingie kwa chungu. Na hii iko na dawa ndani. Munyama ukimuchinja wakati angali na dawa mwilini, unakula na ile dawa. Mikrobe za tumbo yako zinaizoea. Siku utagonjwa, dawa itakukatalia.”

“Hata maziwa?” Séraphine aliuliza.

“Hata maziwa. Kule Kalehe mutu mumoja alichoma ngombe yake sindano, akauza maziwa siku ile ile. Mamaa walioinunua walitaka kufanya mashanza, maziwa ya kuganda. Walingoja igande, haikuganda. Dawa ilikuwa imeua mikrobe za kugandisha. Veterineri anakuambia siku za kungoja. Kama hazijapita, hauuze, haunywe.”

Gaston aliishika sufuria kwa kitambaa. Kisha akaiondoa motoni. Alichukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba kufukia dende wote pamoja, hata yule ambaye Mushagalusa alikuja naye.

“Lakini juu ya nini zilikufa?” Séraphine aliuliza. “Dawa ilikuwa muzuri kwa mutoto.”

“Ndani ya tumbo ya dende kuko mikrobe ndogo, njo zinamusaidia kusaga majani. Penisilini inaziua. Mbaya zinabakia, zinajaa, dende anaharisha, anakufa. Dawa ya mutu si ya dende. Dawa ya ngombe si ya kuku. Kila munyama iko na dawa yake na kipimo yake, na hauwezi kukisia.”

Kisha alimwonyesha la kufanya. Dende wa nne alitengwa peke yake. Uvimbe wake ulikuwa umeiva. Mushagalusa aliutumbua, akauosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akachoma usaha motoni. Alinawa mikono kwa sabuni mara mbili. Majani ya zamani yalifagiliwa nje, sakafu ikakaushwa kwa majivu. Alisema dende mpya yeyote akae kwanza mbali na wengine.

Jumamosi, baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, Mushagalusa aliongea na watu wa avenue ile, barabara ya akina Séraphine. Majembe yalikuwa bado mikononi, na wengi walitaka kwenda nyumbani. Alisema maneno machache: mtu asimpe mnyama dawa ya kuua mikrobe kabla veterineri hajamwona, na anayeuza nyama au maziwa aseme kama mnyama alitibiwa.

“Na sisi wenye meza ya soko tutakula nini?” Adolphine aliuliza. “Mashauri?”

“Uza sabuni, maman. Wenye dende wanaihitaji kuliko penisilini.”

Watu walicheka, na Adolphine pia. Hakuondoa vidonge mezani kwake mara moja. Lakini mtu alipokuja kuomba dawa ya kuku au ya mbuzi, alianza kumwuliza, “Veterineri amemuona?” Kama jibu lilikuwa hapana, alimwelekeza kwa Mushagalusa.

Séraphine alimpeleka Sophie dispansere kila siku. Mara nyingine mvua ilimkuta njiani, mara nyingine Gaston alimbeba mtoto akitoka kazini, macho yake yamefumbwa nusu kwa usingizi. Sophie alianza tena kucheza. Waliendelea kumpeleka. Siku ya mwisho muuguzi alisikiliza kifua, akasema ni safi.

Jeraha la dende wa nne lilifunga. Hakuna mwingine aliyekufa. Mwezi wa sita majike wawili walizaa.

Mwezi wa saba Gaston alichinja dume mmoja mnene ambaye hakuwahi kupewa dawa yoyote. Séraphine alimpika kwa nyanya na kitunguu. Sophie alikula paja, akalimaliza, kisha akanyoosha mkono kwenye sahani ya baba yake. Gaston akampa.